Siku Kumi na Tatu Alizofunga Shangazi

Rehema alirudi Rumonge mwezi wa Shaaban, siku ambazo wanawake wa mtaa wetu hukimbizana kulipa funga zao za mwaka uliopita kabla Ramadhani haijawafumania. Aliondoka hapa akiwa mtoto wa miaka sita, amepakatwa na baba yake ndani ya boti ya Kigoma, akilia kwa ajili ya ndala moja iliyoanguka majini. Amerudi mwanamke wa miaka arobaini na tano, ana miwani, ana pasipoti ya Kanada, na mwendo wake ni wa mama yake mtupu. Nilipomwona anashuka kwenye teksi mbele ya nyumba nilijishika kwenye mlango nikalia. Majirani walidhani nalia kwa furaha, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Nilimpikia kama tunavyompikia mtu wa kwetu aliyepotea: bugali ya muhogo, ndagala wabichi wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, samaki mukeke mmoja mzima, na mboga ya lengalenga. Mimi nilikuwa nimefunga, nikamwambia ni siku zangu za kulipa, akasema sawa. Alinawa, akaketi mkekani, akalitazama sinia, kisha akauliza kabla hajamega hata tonge moja.

"Yaya," alisema, kwani hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni, mimi nikiwa binamu yake mkubwa, "sikuja kwa ajili ya nyumba ya mama. Nyumba kaa nayo. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu na usinifiche. Mama alikufa kwa SIDA?"

"Kula kwanza."

"Nimekula miaka yote hii. Nijibu."

Akanieleza, huku samaki akipoa, jinsi alivyoishi na swali lile la ukimwi. Alipima damu yake akiwa na miaka kumi na saba, akapima tena kabla hajasafiri, akapima tena alipopata mchumba, na kila mara alikaa kwenye korido ya hospitali akijiaga mwenyewe. Rehema alimweleza mchumba wa kwanza ukweli, ukweli ule alioufahamu yeye, na jamaa za kijana wakarudisha posa. Alinisimulia bila machozi, kama mtu anayesoma risiti. Nikamwambia hapana, mama yako hakuwa na SIDA, hakuwahi kuwa nayo. Akaweka mikono magotini. "Basi alikufa kwa nini?" Nikamsimulia mchana ule karibu yote. Kuna kipande kimoja nilikiruka, na ndicho kinachonikalisha leo na kalamu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, nasoma koleji, sekondari ya hapa kwetu, na nilikuwa nimehamia kwa shangazi Mwajuma ili nimsaidie kazi za nyumba. Mji mzima ulimjua. Alikuwa akiuza mawese kwa madumu, na kabla ya safari yake ya Ubelgiji alikuwa mwanamke mnene kupita wote niliowahi kuwaona, mnene mpaka wapakiaji wa kamyoneti za mizigo walimwekea kigoda cha kupandia. Sisi hatukuuona unene ule kuwa kasoro. Ulikuwa heshima, ulikuwa duka lililojaa. Lakini magoti yalimshinda, akawa anasali akiwa amekaa kwenye kiti cha mbao, anainamisha kichwa kidogo pale wenzake wanaposujudu. Jambo hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe. Aliwahi kuniambia kwamba katika miaka minane hakuwa amegusa ardhi kwa paji la uso, na aliogopa kufa kabla hajaigusa tena. Kaka yake mdogo aliyekuwa akifanya kazi Bruxelles alimwita, akasema huko kuna madaktari wanaoweza kumpunguza. Akaenda, akakaa miezi minne, na watu wa hapa wakaambiwa ameenda kutibiwa magoti.

Chumba chake nakiona mpaka leo. Kitanda cha mbao chenye chandarua kilichopigwa viraka, kile kiti cha sala kikiwa kimesukumwa pembeni na kugeuzwa cha kuwekea nguo, birika mbili za maji ya kutawadhia, ndoo yenye mfuniko, na harufu ya ubani aliouchoma asubuhi na jioni ili ile harufu nyingine isisikike barazani. Ukutani yalitundikwa magauni yake ya zamani. Alikuwa akiyafumua moja moja, na gauni moja lilitoa magauni mawili yangu na kitambaa cha kichwa cha Rehema. Nilikwenda shule nimevaa unene wake, na niliringa nao. Ndani ya chumba kile, siku chache tu baada ya kuhamia, alinishikisha msahafu na kuniapisha kwamba sitamwambia mtu yeyote atakachonionyesha. Kisha akafunua tumbo. Kovu lilishuka kutoka chini ya matiti hadi chini ya kitovu, pana, linang'aa.

"Hawakutoa kitu," alisema. "Utumbo wote uko ndani. Wamekata karibu na mwanzo, wakaunga karibu na mwisho, katikati kote kumelala bure. Unajua barabara ya Bujumbura? Basi mimi wamenikatia njia ya mkato. Chakula hakisimami Minago, hakisimami Gitaza, kinafika moja kwa moja. Hakipati hata nafasi ya kuacha kitu njiani."

Alicheka, nami nikacheka. Kisha akatoa chini ya godoro karatasi mbili zilizopigwa taipu kwa Kifaransa, akaniomba nimsomee, kwa sababu Kifaransa chake kilikuwa cha sokoni, na kaka yake alikuwa amemsomea mara moja tu, uwanja wa ndege, kwa haraka. Nikasoma nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, nikijisikia mkubwa. Zilisema anywe maji siku nzima, lita mbili hadi tatu, hata kama hana kiu, na asikae na kiu hata siku moja, kwa sababu figo zake zingeweza kufanya mawe. Zilisema apunguze mafuta na baadhi ya mboga za majani, ameze vidonge vya vitamini maisha yake yote, na arudi kupimwa kila baada ya miezi sita. Mstari wa mwisho ulikuwa umepigwa kwa herufi kubwa: mgonjwa amweleze kila daktari atakayemtibu kwamba amefanyiwa operesheni hii. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akazikunja. Ilikuwa mwaka wa tatu tangu arudi, na hakuwa amepimwa hata mara moja. Vidonge vilikuwa vimekwisha mwaka wa kwanza.

Mwanzoni, watu waliniambia, mji ulimpigia vigelegele. Mwajuma amekuwa msichana! Alisali kwa kusujudu, akapanda kamyoneti bila kigoda. Lakini kupungua hakukusimama pale watu walipotaka kusimame. Nilipohamia kwake nywele zilikuwa zinakatika, vidole vinakufa ganzi na kujikunja vyenyewe, viungo vinavimba. Alikwenda chooni mara nane, mara kumi kwa siku. Mwuza mawese hakuweza kula mawese: kijiko kimoja tu kwenye maharage kilimfanya akimbie na kanga mkononi. Macho nayo yalianza kumwacha kila giza lilipoingia. Mchana aliona vizuri, akakujua kwa jina kutoka mbali, lakini adhana ya magharibi ilipoanza alinyoosha mkono hewani kulitafuta bega langu. "Uko wapi, mama?" alikuwa akiniita hivyo, mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Nikamwongoza mpaka kwenye mkeka.

Na pale mkekani ndipo palipokuwa na mateso yenyewe. Mwanamke aliyekubali kupasuliwa ili asujudu, sasa hakuweza kumaliza rakaa nne na udhu wake. Tumbo lilimvunjia. Alikuwa akisimama katikati ya sala, anatoka kimya, ananifanyia ishara ya birika, ananawa upya, anaanza upya. Mara tatu, mara nne kwa sala moja. Baadaye sana, nimeshazeeka, niliambiwa kwamba mtu mwenye shida kama ile hutawadha mara moja kwa kila sala na inatosha, dini si kamba ya kumnyongea mgonjwa. Lakini ili uambiwe hivyo sharti uulize, na shangazi hakuwa mtu wa kuuliza. Angeuliza, angeulizwa kwa nini. Alikuwa amemsikia mwalimu wa chuo akisema msikitini kwamba anayebadili umbo alilopewa na Mungu ametangaza vita na Mungu. Mwalimu alikuwa akiwasema wanaojichubua ngozi, lakini shangazi alirudi nyumbani siku ile akalala kifudifudi mpaka jioni.

Yale maji niliyateka mimi. Hapa sina budi kusema nilivyokuwa, si nilivyotamani kuwa. Nilichoka. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilimwaga ndoo ile kabla sijaenda shule, nikanawa mikono kwa majivu na ndimu, na bado darasani nilijinusa vidole. Bomba la mtaa, robine, lilikuwa karibu na msikiti, na nilikwenda mara tano kwa siku na bido la lita ishirini. Wanawake walihesabu safari zangu. Ilikuwa miaka ambayo jina la SIDA lilikuwa geni na lilitisha kuliko chui, na dalili yake moja tuliyoijua sote ni kukonda. Mtu akikonda na akiharisha, kesi imekwisha. Mama wa rafiki yangu alianza kunipa maji kwenye kikombe cha bati kilichotengwa, ambacho nilikiona kikining'inia peke yake kwenye msumari.

Ramadhani ilipokaribia, shangazi alinitaka nimsomee tena zile karatasi. Nilipofika pale penye kiu alinyanyua kidole. "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Basi sitafunga. Mungu anaona ndani ya tumbo langu. Nitalisha maskini kwa kila siku, na wewe utanipikia uji huku nyuma, mtu asijue." Nilifurahi kwa ajili yake, nasema kweli. Siku nne za kwanza, shule ikiwa imefungwa, nilimpikia uji wa mtama uani saa nne asubuhi, akaunywa kwenye kikombe cha bluu, akanywa na maji, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mkojo wake haukuwa na rangi ya chai. Lakini moshi hauapishwi kwa msahafu. Siku ya tano nilikuta wanawake watatu robine, na mmoja, mama mnene mwenye asili ya Uvira ambaye alinipenda na alizoea kunitania, aliniuliza mbele ya wote.

"Weye, mutoto, kwenu banapika nini muchana? Kila siku saa ine moshi inatoka."

"Ni wa Rehema. Yeye iko mudogo, hafungi."

"Mutoto mumoja anakula uji ya sufuria muzima?" Wakacheka. Mwingine akasema, si kwa sauti ya chini, "Mwachie. Mwenye ile ugonjwa hawezi funga. Lisemwalo lipo."

Nilirudi na bido kichwani, maji yananimwagikia shingoni, na siku ile hata mvulana mmoja wa koleji niliyempenda alikuwa amesimama pale akasikia. Shangazi alikuwa uani amekaa kwenye kigoda chake, kikombe cha bluu mkononi. Tulikuwa wawili tu. Nikatua bido kwa kishindo, nikamwambia, "Watu wanasema una SIDA. Ungefunga kama wenzako, wangenyamaza." Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Shangazi alikitazama kile kikombe, akamwaga uji uliobaki kwenye mizizi ya mpapai, akakiosha mwenyewe, akakifunika juu ya ukuta. Kabla ya alfajiri nilisikia anaamka kula daku.

Alifunga. Na hakufunga chumbani. Kila mchana alitoa kile kiti cha sala, akakiweka barazani mbele ya mlango, akakaa hapo amevaa gauni la kijani, ili kila mpita njia auone mdomo wake umekauka. Mtu aliyefunga hapa kwetu anajulikana kwa mdomo. Wanawake walianza kumwamkia tena. "Mama Rehema, funga inasema nini?" "Inakwenda, murakoze, asanteni, Mungu anasaidia." Yule mama wa Uvira alimletea bakuli la tambi za kufuturu, akamwomba radhi kwa macho. Na mimi nilisimama nyuma ya pazia la mlango nikaona yote hayo, na hili ndilo linaloniuma kuliko mengine: nilifurahi. Jioni, nyumbani kwa rafiki yangu, nilikunywa kwa kikombe cha kawaida. Karatasi nilizijua kwa moyo, ningeweza kuzisoma bila kuzitazama, nami nikajiambia kwamba siku chache haziwezi kumdhuru mtu mzima aliyeamua mwenyewe. Usiku alijaribu kunywa maji mengi kwa pamoja, lakini yalipita mbio kama kila kitu kilivyompita.

Siku ya kumi ya funga yake alianza kushika kiuno. Aliniambia amelalia vibaya. Siku ya kumi na mbili mkojo ulitoka na damu, mdogo, wa kujaza kifuniko cha soda. Nikamsihi afungue, nikalia, nikamletea kikombe cha bluu. Akanipa tabasamu nisilolisahau. "Sasa wananisalimia, mama. Unataka niwaambie nini?" Siku ya kumi na tatu, baada ya adhuhuri, alianguka barazani kutoka kwenye kile kiti, na watu wote waliomwogopa wakaja kumnyanyua, kwa sababu mtu aliyefunga ana baraka.

Hospitalini alikuwapo daktari mmoja kijana, mtu wa upole, hakuzungumza Kiswahili, nami nikawa mkalimani. Alimpima, akaliona kovu. Akaniuliza kwa Kifaransa: hii operesheni ilikuwa ya nini? Shangazi hakuelewa maneno lakini aliuona mkono wa daktari ulipokuwa, akanitazama. Zile karatasi zilikuwa kwenye fundo la kanga yangu, nilikuwa nimezichukua tulipotoka nyumbani. Nilihisi zinanikwaruza ubavuni. Mstari wa herufi kubwa ulikuwa pale pale. Nikajibu neno moja, sezariyeni, kwamba alipasuliwa ili ajifungue; akalitazama kovu mara ya pili, lakini akaliandika. Nimejitetea miaka mingi kwamba nilikuwa nimeapa. Uongo. Kiapo ningekivunja, Mungu ni mwingi wa rehema. Nilichoogopa ni kwamba daktari angeuliza, "Basi kwa nini mlimwacha akae na kiu?" na ingenibidi kumfasiria shangazi swali lile kwa Kiswahili. Daktari alimtundikia dripu, akakunja uso, akasema figo hazifanyi kazi na yeye hajui sababu, apelekwe Bujumbura leo hii hii. Sijui kama angejua sababu ingesaidia. Hilo nalo ni sehemu ya adhabu yangu, kutojua.

Alitubeba mteja wake wa mawese kwenye kamyoneti yake, nyuma, chini ya turubai, godoro limewekwa kati ya madumu. Kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja yangu. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilikuwa na chupa ya maji, nikamwambia, "Shangazi, umesafiri, na mgonjwa pia anaruhusiwa. Kunywa." Akakaza meno. Alikuwa ameanza kuchanganyikiwa, alidhani bado yuko barazani, akanong'ona kwamba watu wanapita. Tulipofika Gitaza gari lilisimama kwa ajili ya tairi. Ndagala walikuwa wameanikwa pembeni mwa barabara mpaka ufukweni, harufu yao ikaingia chini ya turubai, na nje mtu alikuwa akibishana bei. Ilikuwa saa tisa unusu, jua kali. Yeye akanyoosha mkono hewani akilitafuta bega langu kama alivyofanya kila jioni.

"Uko wapi, mama? Jua limezama?"

Nikasema, "Limezama, shangazi."

"Wameadhini?"

"Wameadhini."

Akasoma dua ya kufuturu, yote, bila kukosea neno, akanywa. Alikunywa karibu nusu ya chupa. Akasema, "Alhamdulillahi, matamu." Tulikuwa hatujafika mbali kutoka Gitaza nilipohisi kichwa chake kimekuwa kizito, nikagonga kioo cha dereva, tukageuza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema. Yeye hakikumuumbua. Wanawake waliomwosha walifunga mifuko ya plastiki mikononi, kwa kuwa siku kumi na tatu za funga zilisahaulika mara moja na ule ugonjwa ukarudi vinywani mwao, na hakuna aliyetaka kulitazama lile kovu kwa karibu. Nilikuwapo, nimeshika birika. Ningeweza kusema. Niliendelea kumimina maji. Baada ya arobaini, baba yake Rehema, aliyekuwa na nyumba nyingine Kigoma, akaja kumchukua mtoto. Kisha vikaja vita, watu wakatawanyika, karatasi zikakaa kwenye kopo la biskuti, nami nikakaa nazo.

Haya yote nilimsimulia Rehema, isipokuwa lile nililosema uani nilipotua bido. Nilimwambia mama yako aliamua kufunga kwa sababu ya maneno ya watu. Nikamletea lile kopo. Alizisoma karatasi pole pole, yeye Kifaransa ndicho anachofanyia kazi, na alipofika kwenye herufi kubwa alivua miwani akaziweka zile karatasi usoni. Nilidhani ananusa harufu ya mama yake. Halafu akanishika mkono na kuubusu, akasema katika ukoo wote mimi peke yangu nilimlinda mama yake. Nami, mwanamke wa umri huu, mwenye wajukuu, nikauacha mkono wangu ubusiwe. Tena nikapata na ujasiri wa kukasirika. Nikasema, "Midomo ya mji huu, Mungu atawauliza! Ni nani huyo aliyekwenda kumwambia mtoto mdogo kitu kama kile? Nitajie jina, kama yuko hai nitakwenda kwake leo."

Rehema alinitazama. Akavaa miwani yake.

"Wewe, yaya."

Nikauvuta ule mkono aliokuwa ameubusu.

"Nilikuwa bafuni pale uani, nyuma ya ule mkeka wa kujisitiri. Ulikuwa umeniambia nijisugue miguu mpaka urudi na maji. Nikasikia umetua bido. Nikasikia umemwambia mama ana SIDA."

"Nilimwambia watu wanasema," nikajibu. "Nilisema watu wanasema."

"Hapana. Hukusema watu. Ulisema, 'Una SIDA, kubali tujue moja, mimi nimechoka.' Nilikuwa na sabuni machoni, nikaogopa hata kuinawa. Mpaka leo nimeamini kwa sababu ni wewe uliyesema. Ya watu wengine nisingeyaamini."

Nimeijaribu ile sentensi mara nyingi tangu siku hiyo, yangu na yake, nikiziweka kinywani moja baada ya nyingine. Yangu nimeibeba karibu miaka arobaini na nimeisugua mpaka imekuwa laini. Yake ina kona. Nadhani yake ndiyo iliyosemwa. Pale mkekani nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba hizi siku kumi na tatu ninazofunga kila Shaaban si za kulipa siku nilizokula. Siku uliyokula unaijua njia ya kuilipa. Siku aliyofunga mwenzako kwa ajili ya ulimi wako, nimewauliza walimu watatu, kwa kuzungukazunguka, na hakuna aliyenielewa nauliza nini. Kwa hiyo nafunga tu.

Rehema hakunifariji wala hakunilaumu. Chakula kilikuwa kimepoa kati yetu, mafuta ya ndagala yameganda. Mlango ulikuwa wazi, na jua lilikuwa bado juu sana ya milima ya Kongo, ziwa lote linametameta, watoto wa shule ya alasiri wanapita barabarani. Alichukua jagi, akamimina maji kwenye glasi mpaka juu, akaisogeza mbele yangu.

"Kunywa, yaya. Mdomo wako umekauka."

"Nimefunga."

"Najua," alisema. "Jua limezama."

Nikatazama nje, nikamtazama yeye. Nikainua glasi kwa mikono miwili, nikanywa.